Harambee, Miche na Kura za Tetu

Desemba 1997 Profesa Wangari Maathai aliwaomba watu wa Tetu, wilayani Nyeri, wamchague awe mbunge wao, na papo hapo akawaomba Wakenya wote wamchague awe rais. Alianguka kote kuwili. Desemba 2002 alirudi kwa wapiga kura walewale wa Tetu akiomba ubunge tu, nao wakampa asilimia 98 ya kura zao. Desemba 2007 akarudi tena, safari hii akiwa mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, wakamwangusha. Katika miaka hiyo kumi kazi iliyompa jina, ya kuwakusanya wanawake wa vijijini wapande miti, haikusimama wala haikubadilika sura. Mgombea alikuwa yuleyule na eneo bunge lilelile. Kama utumishi kwa jamii ndio unaomfikisha mtu bungeni, kama tunavyoambiwa na kila mgombea wa mashinani msimu wa kampeni ukifika, basi matokeo hayo matatu hayaelezeki. Yanaanza kueleweka tukiuliza swali jingine: tangu uhuru, siasa za Kenya zimeyapa maneno "kuwatumikia watu" maana gani? Ninavyoona, kwa mpiga kura wa Kenya utumishi umekuwa deni. Mwanasiasa hutoa, na siku ya kura hudai. Aliyewasaidia watu wajifanyie wenyewe hakuacha deni nyuma yake, kwa hiyo anapokuja kuomba kura hana cha kudai.

Deni hilo halikuanzia kwa wanasiasa. Kabla ya siasa za vyama Wakikuyu walikuwa na ngwatio na Wakamba walikuwa na mwethya: majirani wakilimiana na kujengeana, leo kwangu kesho kwako, pasipo mtu kushika daftari. Baadaye wazazi wa Mkoa wa Kati waliogombana na wamisheni walichanga wakajenga shule zao huru. Mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha walimu cha Githunguri, ambacho Jomo Kenyatta alikuja kukiongoza baada ya kurudi kutoka Uingereza mwaka 1946. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo wakati wa hali ya hatari, lakini somo lilikuwa limeshaingia: watu wakichanga, wanajenga. Kwa hiyo Kenyatta alipopaza mwito wa harambee Juni 1963, serikali ya madaraka ya ndani ilipoanza kazi, hakuwa akiwafundisha wananchi jambo geni. Alikuwa akiipa baraka ya dola kazi ambayo tayari walikuwa wakiifanya. Zikachipuka shule, zahanati, mabwawa na majosho ya ng'ombe. Mara nyingi wananchi walianza kujenga bila kungoja mpango wowote wa serikali, kwa hesabu ya kijanja kwamba jengo likishasimama serikali itaona haya kutolipelekea mwalimu au mganga. Katika awamu hiyo ya kwanza kiongozi alikuwa mchangaji mmoja kati ya wachangaji wengi, na jina lake halikuandikwa kwenye ukuta wa darasa.

Kilichogeuza mambo ni siasa zenyewe. Oktoba 1969 chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku na kiongozi wake, Oginga Odinga, akawekwa kizuizini. Desemba mwaka huohuo chama tawala cha KANU kikafanya kura za mchujo ambazo, kwa kuwa hakuna chama kingine kilichobaki, ndizo zilizokuwa uchaguzi wenyewe. Wabunge wengi waliokuwa madarakani waliangushwa, mawaziri wakiwemo. Sasa fikiria hali ya mgombea wa mwaka 1969 au 1974. Haruhusiwi kuikosoa sera ya serikali, maana ataitwa msaliti. Hawezi kuahidi sheria tofauti ya ardhi, wala kusimama jukwaani akauliza mali ya nchi inakwenda wapi. Yeye na mpinzani wake wako chama kimoja, wana ilani moja na rais mmoja. Lililobaki la kushindania ni nani ameleta nini: bati za shule, saruji ya zahanati, barabara iliyochongwa. Mtaalamu wa siasa Joel Barkan, aliyezichunguza chaguzi za enzi hiyo kwa miaka mingi, alieleza kwamba zilikuwa kura ya maoni juu ya uwezo wa kila mbunge kulivutia eneo lake rasilimali, wala hazikuwa mashindano ya sera. Mimi ningeongeza kwamba mfumo huo uliifaa ikulu kuliko mtu yeyote. Mbunge aliyekesha akitafuta fedha za harambee hakuwa na muda wa kuihoji serikali, na fedha zenyewe mara nyingi alizipata kwa kukaa vizuri na walio juu yake.

Inafaa kuitazama harambee ya enzi hizo kwa karibu, kwa sababu utaratibu wake unaeleza mengi kuliko hotuba zilizotolewa humo. Kibali kilitoka kwa utawala wa mkoa. Kamati ya eneo ilimwalika mgeni wa heshima, na kadiri mgeni alivyokuwa mkubwa ndivyo mfuko ulivyotarajiwa kujaa. Siku yenyewe turubai la wakubwa lilikuwa upande huu na wananchi wamekaa nyasini upande ule. Waliotoa kidogo walitangulia: vikundi vya wanawake, wazee wa kanisa, walimu. Kila jina lilisomwa kwa kipaza sauti pamoja na kiasi chake. Asiye na pesa alileta jogoo au mkungu wa ndizi, ukanadiwa, na mara nyingi aliyeununua ni yule mgeni, kwa bei ambayo hakuna soko lingeilipa, umati ukishangilia. Mwishowe mgeni mwenyewe aliinuka, akatoa bahasha "yangu na ya marafiki zangu", na mtangazaji akataja jumla iliyofunika michango yote ya asubuhi. Ukiwa umeketi nyasini na shilingi zako ishirini zimeshasomwa, unaondoka na somo moja tu: zahanati hii ni ya mheshimiwa. Kabla ya siku hiyo chifu na wasaidizi wake walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakikusanya, na asiyetoa aliweza kukwama siku anapohitaji barua ya chifu. Mchango wa mnyonge ulikuwa lazima na wa tajiri ulikuwa hisani, ilhali jengo lililosimama lilihesabiwa kuwa la tajiri.

Kuna pingamizi hapa ambalo siwezi kulipita juujuu. Watasema: shule zilijengwa, ama hazikujengwa? Zilijengwa. Kufikia miaka ya 1970 shule za sekondari zisizosaidiwa na serikali, nyingi zikiwa za harambee, zilikuwa zimezidi zile za serikali, na maelfu ya watoto waliokosa nafasi kwingine walisoma humo, hata kama maabara ilikuwa chumba kitupu na mwalimu hakuwa na cheti. Mpiga kura aliyempima mbunge wake kwa madarasa hakuwa mjinga. Alijua kwamba Bunge halina meno na kwamba fedha za umma hupita mikononi mwa watu na si katika kanuni, akaamua kupata alichoweza kupata. Haya yote nayakubali. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ya kuchukulia kwamba kwa kuwa harambee ilijenga, basi ilimfundisha mpiga kura kumtambua mtumishi wake. Ilimfundisha kumtambua mwenye bahasha. Mapema miaka ya 2000 tawi la Kenya la Transparency International lilichunguza harambee zilizoripotiwa magazetini kwa miaka ishirini hivi, likaona kwamba michango ya wanasiasa ilipanda ghafla karibu na chaguzi za vyama vingi. Bati halioti kutu kwa kufuata kalenda ya uchaguzi, wala watoto hawazaliwi kwa kuifuata. Mtu anayetoa mwaka wa kura na kunyamaza miaka minne inayofuata anawekeza.

Mfano unaotajwa sana kwa upande wa pili ni J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliyekuwa tajiri, mpenda mbio za farasi, na mchangaji mkubwa wa harambee nchi nzima. Kabla ya uchaguzi wa Oktoba 1974 serikali ilimbana, akanyimwa nafasi ya kufanya mikutano ya hadhara, lakini bado watu wake walimrudisha bungeni. Machi 1975 aliuawa, na maiti yake ikapatikana kwenye vilima vya Ngong. Wapo wanaosema alichaguliwa kwa sababu ya maneno yake juu ya ardhi na maskini, na wapo wanaosema ni kwa sababu ya michango. Kwangu vyote viwili vilikuwemo, lakini kilichowatisha wakubwa kinaeleweka zaidi kwa lugha ya deni. J.M. alikuwa ameukopesha umma nje ya mipaka ya eneo bunge lake, na mtu anayedai nchi nzima anaweza siku moja kuidai ikulu. Tangu hapo utawala ulishikilia vibali vya mikutano na michango kwa mkono mzito zaidi, na harambee kubwa zikawa uwanja wa wale tu walioruhusiwa kuwa wakubwa.

Humo ndimo Wangari Maathai alimoingilia, na aliingia kupitia mlango wa kampeni. Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, akasomea Limuru na Marekani, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu jijini Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Mumewe, Mwangi Mathai, aligombea ubunge mwaka 1969 akashindwa, akagombea tena mwaka 1974 katika eneo la Lang'ata akashinda. Katika kampeni hiyo wasio na ajira waliahidiwa kazi. Wangari anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba baada ya ushindi ahadi ile ilimnyima raha, ilhali mumewe hakuona sababu ya kujisumbua, maana uchaguzi ulikuwa umeshapita. Akaanzisha kampuni ndogo aliyoiita Envirocare ili watu wa Lang'ata wapate kibarua cha kutunza bustani za matajiri na kupanda miti, na Idara ya Misitu ikampa nafasi ya kitalu huko Karura. Kampuni ilikufa. Matajiri walitaka kulipa baada ya kazi, na maskini hawakuwa na nauli ya kufika kazini kabla ya kulipwa. Historia za kumsifu huikimbia sehemu hii, nami naiona ndiyo ufunguo. Asili ya miti milioni thelathini na zaidi iliyokuja kupandwa ni ahadi ya kampeni ambayo mtu mmoja, asiye mgombea, aliichukulia kwa uzito.

Alichokifanya baadaye kilikwenda kinyume na harambee ya mgeni wa heshima, ingawa kilijiita kwa jina lake. Mnamo 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, wanawake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya waliandamana kutoka Jumba la Mikutano la Kenyatta hadi Kamukunji wakapanda miti saba kwa heshima ya viongozi wa jamii mbalimbali za nchi. Shughuli hiyo iliitwa Save the Land Harambee, nayo ndiyo iliyokua ikawa Green Belt Movement. Vijijini mambo yalikwenda hivi. Wanawake walijiunga kwenye kikundi, wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakaziotesha kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika, wakaviinua juu ili kuku na mbuzi wasiyafikie majani. Wataalamu wa misitu walidai kwamba kuotesha miche kunahitaji diploma. Wanawake wakaotesha bila diploma. Miche iligawiwa kwa majirani, na kikundi kililipwa ada ndogo, senti chache tu, si kwa mche uliogawiwa bali kwa mche ulioshika baada ya kufuatiliwa na kuhesabiwa. Kwa maneno mengine, malipo yalifuata kazi iliyokaguliwa na wenyewe. Hapakuwa na turubai, wala kipaza sauti, wala bahasha ya mwisho inayofunika zote. Mama aliyepata mgrevilea mpakani mwa shamba lake alijua nani aliupanda, kwa sababu aliupanda yeye. Huo ndio uliokuwa ubora wa kazi hiyo, na kwa mgombea ndio uliokuwa udhaifu wake: miaka ishirini baadaye mti ule haukuwa na jina la Wangari.

Alipojaribu mara ya kwanza kuugeuza utumishi huo kuwa kiti, hakufika hata kwa wapiga kura. Mwaka 1982 palikuwa na uchaguzi mdogo Nyeri. Ili agombee ilimpasa kujiuzulu Chuo Kikuu cha Nairobi, alikokuwa akifundisha na kuongoza idara ya anatomia ya mifugo. Akajiuzulu. Kisha akaambiwa kwamba hakuwa amejiandikisha upya kuwa mpiga kura mwaka 1979, kwa hiyo hana sifa za kugombea. Aliporudi chuoni alikuta kazi imeshakwenda, na nyumba ya chuo akatakiwa kuihama. Kisa hiki kinafaa kuwekwa mbele ya wanaodhani kwamba mgombea wa mashinani hushindwa kwa sababu watu hawamtaki. Katika Kenya ya chama kimoja watu waliulizwa mwishoni kabisa. Kabla yao palikuwa na chama, idara ya serikali, na msajili mwenye daftari. Miaka sita baadaye, katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988, hata karatasi ya kura iliondolewa katika mchujo: wapiga kura walipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea wao, na aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 ya foleni alikuwa amepita bila kupingwa. Foleni fupi ilitangazwa ndefu mchana kweupe. Hakuna utumishi wa jamii unaoweza kuishinda hesabu ya namna hiyo.

Miaka iliyofuata ilimfanya Wangari kuwa jina la taifa. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa sitini ambalo chama tawala kilitaka kulisimika katika bustani ya Uhuru Park, wabunge wakamkejeli bungeni, Green Belt ikafukuzwa katika ofisi yake ya serikali, na mwishowe jengo halikujengwa. Mwanzoni mwa 1992 alikaa na akina mama waliofunga kula katika bustani hiyohiyo wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Polisi wakawapiga, nao wakahamia Kanisa Kuu la All Saints. Hii ni aina nyingine ya utumishi, ya kusimama kati ya raia na dola, na mtu angetarajia kwamba vyama vingi vilipoingia hii ndiyo ingezaa kura. Lakini vyama vingi havikuiondoa bahasha. Viliiongezea mashindano. Mwaka 1992 vijana wa KANU wa kundi la YK'92 walimwaga fedha nyingi kiasi kwamba noti ya shilingi 500 ikapachikwa jina la kiongozi wao, Jirongo. Katika kelele hizo mwanamke asiye na noti za kumwaga, asiye na chama kikubwa, aliyetumia mwaka mzima kujaribu kuwapatanisha wapinzani waliokataa kupatana, alionekana mtu mwema aliyepotea njia.

Ndivyo alivyochukuliwa pia 1997. Aligombea kwa tiketi ya chama kidogo, Liberal Party of Kenya, akaanza kampeni akiwa amechelewa, na kura zilipokaribia zikavuma habari kwamba amejitoa. Kura zake za urais hazikufika hata asilimia moja. Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu ni lile la 2002: kama utumishi wake haukuwa na thamani machoni pa wapiga kura, asilimia 98 ilitoka wapi? Jibu liko kwenye karatasi yenyewe ya kura. Mwaka 1997 Mwai Kibaki, mwana wa Nyeri, mbunge wa Othaya iliyopakana na Tetu, alikuwa akigombea urais kwa chama cha DP, na mwenye kumpigia Kibaki hakuwa na sababu ya kumpigia mtu anayemgawia kura nyumbani kwake. Mwaka 2002 Kibaki alikuwa mgombea wa muungano wa NARC, na Wangari alisimama kwa tiketi hiyohiyo, chini ya alama hiyohiyo. Wimbi lililomwingiza Kibaki ikulu kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura za nchi nzima liliwabeba wagombea wengi wa NARC ambao hawakuwahi kuotesha hata mche mmoja. Sisemi kwamba miti haikusaidia. Nadhani ilisaidia kabla ya kura, katika kupata tiketi, kwa sababu muungano uliotaka kuonekana safi ulihitaji majina safi, na jina lake lilikuwa safi kuliko mengi. Utumishi ulimfikisha kwenye lango la chama. Kutoka langoni hadi bungeni alibebwa na wimbi la wakati ule.

Mwaka 2007 wimbi halikuwepo. Alishindwa mchujo wa chama cha PNU, akasimama kwa tiketi ya chama chake mwenyewe cha Mazingira Green Party, na Tetu ikamchagua mtu mwingine. Wakosoaji walisema, na wengine wanasema hadi leo, kwamba alikuwa amewasahau watu wake, kwamba tangu Nobel ya 2004 alionekana zaidi viwanja vya ndege kuliko Nyeri. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, na isitupwe kwa sababu tu ya heshima yake. Mbunge anayeishi ughaibuni nusu ya mwaka hawezi kujua daraja gani limebomoka. Tena si yeye peke yake aliyeanguka: mwaka huo wabunge wengi nchini, mawaziri kadhaa wakiwemo, walikataliwa na wapiga kura wao. Hata hivyo lawama yenyewe inathibitisha hoja. Kulikuwa na sheria mpya tangu 2003, ile ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, CDF, iliyotenga asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali kwa maeneo bunge yote. Sasa fedha za madarasa hazikutoka mfukoni mwa mheshimiwa bali katika kodi. Ilikuwa fursa ya kufuta deni. Badala yake, majengo mengi ya CDF yalipewa mabango yenye jina la mbunge, kana kwamba amelipa yeye, na mbunge ambaye hakuwepo siku ya kuzindua alihesabiwa kuwa hakutoa chochote. Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria ya CDF ya 2013 ilikiuka Katiba, kwa sababu ilimpa mtunga sheria kazi ya mtekelezaji. Uamuzi sahihi, uliochelewa miaka mingi.

Tanzania ilijaribu njia tofauti, na inafaa kuitaja kwa ufupi ili isidhaniwe kwamba hili ni balaa la Wakenya peke yao. Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa kila jimbo walipewa alama mbili, jembe na nyumba, na chama ndicho kilichoandaa mikutano yao ya pamoja. Mwanya wa bahasha ulizibwa. Na bado Paul Bomani, aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa katika vyama vya ushirika vikubwa miaka ya 1950, utumishi wa mashinani ambao wachache waliufikia, aliangushwa akiwa waziri wa fedha. Wapiga kura walimwona waziri, hawakumwona mwanaushirika. Vyama vingi viliporudi, utaratibu ule ulilegea mpaka mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ikaihalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura wake. Mashirika ya haki za binadamu yalikwenda Mahakama Kuu, nayo mwaka 2006 ikaifuta. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Tofauti ni kwamba Watanzania waliipeleka takrima kortini kwa jina lake. Kenya iliiacha ijifiche ndani ya neno lililoandikwa kwenye ngao ya taifa.

Si kweli, hata hivyo, kwamba Kenya haikujaribu kabisa. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 iliwawekea mipaka maafisa katika kuomba michango ya harambee, na kwa miaka michache turubai za wageni wa heshima zilipungua. Kisha zikarudi, zaidi makanisani, ambako mchango huitwa sadaka na hakuna anayethubutu kuuliza umetoka wapi. Hapo ndipo mgombea wa mashinani wa leo anapojikuta: anasimamia maktaba ya kijiji au kikundi cha kuweka akiba kwa miaka kumi akisubiri kutambuliwa, halafu wiki tatu kabla ya mchujo anafika mtu aliyekuwa Nairobi muda wote huo, na bahasha. Wanaomshauri mgombea huyo aongeze utumishi wanamdanganya. Anachohitaji ni chama chenye mchujo wa haki, kwa sababu hapo ndipo Wangari alipokwama mwaka 2007, na hapo ndipo alipopitia mwaka 2002.

Julai 2024, baada ya vijana kuandamana kupinga Mswada wa Fedha, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali hawataruhusiwa tena kushiriki harambee. Novemba mwaka huohuo yeye mwenyewe alitoa mchango katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa kwa waliozitoa. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na kabla ya hapo bahasha zitafika katika kila eneo bunge. Msomaji mwenye kura naye ana haki ya kuzirudisha.